Mtoto amekwama kwenye Hisabati? Angalia kwanza kama kinachomkwamisha ni Kiingereza

Soma swali hili. Ni la kawaida kabisa kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza:

"A farmer in Mbinga sold 120 kg of coffee this year. This is 30 kg less than last year. How many kilograms did he sell last year?"

Mwanafunzi akiona neno "less", mkono unakimbilia kutoa. 120 toa 30, anaandika 90. Amekosa. Jibu ni 150.

Sasa muulize huyohuyo kwa Kiswahili: "Mwaka huu tumeuza kahawa kilo 120. Zimepungua kilo 30 ukilinganisha na mwaka jana. Mwaka jana tuliuza ngapi?" Mtoto aliyekulia kwenye kahawa anaweza kukujibu 150 bila hata kushika kalamu.

Mtoto ni yuleyule na hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni lugha. Hapo ndipo wazazi, kaka na dada wengi tunapokosea: tunaona alama ya X kwenye daftari, tunasema "huyu Hisabati hajui", tunamtafutia tuisheni ya Hisabati. Kumbe tatizo liko kwingine.

Kwa nini jambo hili ni zito

Shule nyingi za msingi za serikali, iwe Mbinga mjini, Kigonsera, Liuli au Mbamba Bay, zinafundisha Hisabati kwa Kiswahili kwa miaka yote saba. Mtoto anamaliza darasa la saba, anapumzika miezi michache, anaingia kidato cha kwanza. Ghafla kitabu, ubao na mtihani vyote ni Kiingereza. Kuna kozi ya awali ya Kiingereza mwanzoni mwa kidato cha kwanza, lakini wiki chache haziwezi kubeba msamiati wa miaka saba.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ni hatua nzuri, lakini walioko sekondari leo hawakuanza hivyo.

Matokeo tunayaona. Kwenye mtihani wa kidato cha nne wa 2023, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyefaulu Hisabati. Na bila Hisabati, tahasusi kama PCM, PGM na EGM unazisikia kwa wenzako tu.

Ona wanavyofanya Japani

Wajapani si wageni Mbinga. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kwa msaada wa shirika la JICA, walifanya kazi kijiji cha Kindimba wakijifunza kilimo cha ngoro cha Wamatengo. JICA pia imekuwa ikileta vijana wa Kijapani wa kujitolea kufundisha Hisabati na sayansi kwenye sekondari zetu. Hebu fikiria darasa hilo: mwalimu lugha yake ni Kijapani, mwanafunzi lugha yake ni Kiswahili au Kimatengo, na wote wanakutana kwenye Kiingereza.

Kwao haiko hivyo. Mwanafunzi wa Japani anasoma Hisabati kwa Kijapani tangu shule ya msingi hadi sekondari. Kiingereza ni somo linalojitegemea, na limekuwa somo rasmi kuanzia darasa la tano tangu 2020. Kwenye upimaji wa kimataifa wa PISA wa 2022, wanafunzi wa Japani wenye miaka 15 walipata wastani wa alama 536 katika hisabati, wakati wastani wa nchi za OECD ulikuwa 472.

Je, Kiingereza chao nacho kiko juu hivyo? Hapana, wengi kinawatesa. Kijapani hakina "a" na "the", kama Kiswahili, kwa hiyo wao nao wanazisahau. Na wao pia huongeza irabu kwenye maneno ya kigeni: sisi tunasema "kilabu", wao "kurabu", sisi "basi", wao "basu".

Tofauti ni moja. Mwanafunzi wa Tokyo akishindwa swali la Hisabati, mwalimu wake anajua ni Hisabati. Akishindwa la Kiingereza, anajua ni Kiingereza. Mwanafunzi wa Mbinga anabeba vyote viwili kwenye swali moja, na anayemsaidia hajui aanzie wapi. Sera ya lugha hatuwezi kuibadilisha leo jioni mezani. Lakini kuyatenganisha matatizo haya mawili tunaweza.

Kipimo cha hatua tatu

Mtoto akikuletea swali alilokosa, fanya hivi:

1. Mpe namba tupu. Kwa swali la kahawa, muulize tu: 120 + 30 ni ngapi?
2. Mpe swali zima kwa Kiswahili, kwa maneno ya nyumbani.
3. Mrudishie swali la Kiingereza, alisome kwa sauti, kisha akuambie kwa Kiswahili linataka nini.

Akikwama hatua ya kwanza, shida ni kukokotoa. Akipita ya kwanza akakwama ya pili, shida ni kugeuza maelezo kuwa hesabu. Hayo mawili ni Hisabati. Akipita zote mbili akakwama ya tatu, shida ni Kiingereza, na hata umpe maswali mia ya kutoa na kujumlisha, hayatamsaidia.

Kama shida ni Kiingereza

Maneno mengi ya Hisabati mtoto tayari anayajua kwa Kiswahili. Amefundishwa shule ya msingi. Hajaambiwa tu kwamba ni kitu kilekile chenye jina jipya:

- prime number: namba tasa
- even number: namba shufwa
- odd number: namba witiri
- LCM: KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika
- perimeter: mzingo
- radius: nusu kipenyo
- square root: kipeuo cha pili
- ratio: uwiano
- equation: mlinganyo

Mwanafunzi anayetafuta KDS vizuri kabisa anaweza kuganda akiona LCM. Mwambie "ni ile KDS yako ya darasa la tano", utaona anapumua.

Kundi la pili ni gumu zaidi: maneno yenye sura mbili. Kwenye somo la Kiingereza yana maana hii, kwenye Hisabati yana maana ile.

- "Mean" kwa kawaida ni kumaanisha. Kwenye Hisabati ni wastani.
- "Power" ni nguvu. Kwenye Hisabati ni kipeo.
- "Interest" ni hamu ya kitu. Kwenye Hisabati ni riba.
- "Principal" ni mkuu wa chuo. Kwenye riba ni fedha ya mwanzo uliyoweka au kukopa.
- "Right angle" si pembe ya kulia. Ni pembe mraba, nyuzi 90.

Kundi la tatu ni vineno vidogo vinavyobeba hesabu nzima. Chukua "of". Swali linasema mama wa Mbamba Bay amekausha ndoo 24 za usipa akauza "2/3 of them". Hiyo "of" hapo inamaanisha zidisha: 2/3 mara 24, ndoo 16. Au "5 less than x". Wengi huandika 5 − x kwa kufuata mpangilio wa maneno. Sahihi ni x − 5, kwa sababu unaanza na x ndipo unapunguza 5.

Na usisahau saa. Basi likiondoka "8:00 a.m.", kwetu ni saa mbili asubuhi. Mtoto anayesoma saa ya Kiswahili na kuandika ya Kiingereza lazima ajue kwamba zimepishana saa sita.

Dawa yake ni daftari dogo la maneno. Kila siku maneno matatu: neno la Kiingereza, la Kiswahili, na mfano mmoja wa hesabu. Mfano ni lazima, maana neno bila hesabu yake linasahaulika kesho.

Kama shida ni Hisabati yenyewe

Hapa usikimbilie mada ya juzi. Rudi nyuma. Mara nyingi aliyekwama kwenye aljebra ya kidato cha pili amekwama kwenye sehemu au namba hasi za shule ya msingi. Mpe maswali mepesi matano matano ukirudi chini, mpaka ufike anapokosea. Anzia hapo.

Kisha tumia vitu anavyoviona. Ngoro ni darasa la eneo lililo tayari mlimani: mashimo yamepangwa kwa mraba mraba, na udongo umeinuliwa kama tuta kulizunguka kila shimo. Muulize: shamba lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 12, kila ngoro na tuta lake inachukua mita 2 kwa mita 2. Zitaingia ngapi? Kwa urefu 10, kwa upana 6, jumla 60. Halafu mwache apate 60 kwa njia nyingine: eneo lote 240 gawa kwa 4.

Kutafuta njia ya pili ndiko walimu wa Japani wanakokazania. Swali moja linaweza kuchukua kipindi kizima, wanafunzi wanaleta njia zao, darasa linazilinganisha. Maswali machache yaliyoeleweka yana faida kuliko ishirini yaliyokaririwa.

Mfano mwingine: barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni kama kilomita 66. Gari likienda kilomita 44 kwa saa, litatumia muda gani? 66 gawa kwa 44 ni 1.5. Wapo watakaoandika saa moja na dakika 5, au dakika 50. Ni saa moja na dakika 30. Kosa hilo si la lugha. Ni desimali haijaeleweka, na sasa umejua pa kufundisha.

Simu yako inaweza kusaidia, ukiitumia vizuri

Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo hapa inazungumzwa simu ya mzazi au ndugu, nyumbani.

- Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina vitabu vya kiada. Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA) kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi. Wengi hawajui kama zipo.
- Shule Direct wana masomo ya sekondari mtandaoni. Kwa wadogo, katuni za Ubongo Kids zinafundisha hesabu kwa Kiswahili.
- Mtandao milimani una siku zake. Ukiwa sehemu yenye mtandao mzuri, pakua faili kabisa, usitegemee kufungua usiku.
- Programu za kutafsiri na za akili mnemba zinasaidia, lakini zinaweza kukosea. Ikikupa "pembe ya kulia", usiipokee. Na uombe ikueleze hatua moja inayofuata, isikupe jibu zima. Jibu la kunakili halimsaidii mtu kwenye chumba cha mtihani.

Ukiwa mbali, labda uko Songea au Dar na mdogo wako yuko Lituhi, WhatsApp inatosha. Akikutumia picha ya swali, usimrudishie jibu. Mazungumzo yaende hivi:

"Dada shikamoo. Nimekwama hapa."
"Marahaba. Hilo swali linataka nini? Niambie kwa Kiswahili."
"Linataka alichouza mwaka jana."
"Mwaka jana aliuza zaidi au pungufu ya mwaka huu?"
"Zaidi… aah, kumbe ni kujumlisha!"

Mwambie pia apige picha ya kazi yake, hata kama amekosea. Kosa lake litakuonyesha mengi kuliko swali lenyewe.

Leo jioni

Huhitaji kuwa mwalimu wa Hisabati, wala kuwa na Kiingereza cha kujivunia. Chukua daftari la mtoto, tafuta swali moja lenye X, mpitishe kwenye zile hatua tatu. Dakika 10 zinatosha kujua amekwama wapi.

Ikionekana ni lugha, fungueni daftari la maneno usiku huohuo. Ikionekana ni hesabu, mwandikie mwalimu wake ujumbe mfupi: "Mwalimu, nimeona sehemu zinamsumbua." Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani atakushukuru, kwa sababu umeshamwonyesha pa kuanzia.