Safari Ndefu ya Baiskeli Uzeeni

Wako watu wadhanio kwamba mtu akishapokea kiinua mgongo chake hana kazi tena ila kukaa barazani na kungoja kuitwa chakula. Na wako wazee, waume kwa wake, ambao nyoyo zao hazikubali hukumu hiyo. Mmoja wao husema, "Nataka kupanda baiskeli niende safari ya siku nyingi." Papo hapo nyumba huingia msukosuko. Watoto husema, "Baba, utatufia njiani!" Baba naye huona kwamba wanawe wamekwisha kumzika kabla ya siku yake. Ugomvi huu haukatwi kwa ukali wala kwa machozi; hukatwa kwa kupanga. Basi twataka, ndugu wasomaji, kueleza mpango huo, ili mzee ajue la kufanya na vijana wajue la kumsaidia.

Mwili wa mzee waweza?

Katika nchi ya Ufaransa alizaliwa mwaka 1911 mtu aitwaye Robert Marchand. Aliirudia baiskeli akiwa amekaribia miaka 70. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alikwenda zaidi ya kilomita 24 kwa saa moja. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, alikwenda karibu kilomita 27 kwa saa hiyo hiyo moja. Mtaalamu Véronique Billat alimpima, akaona kwamba kati ya miaka 101 na 103 uwezo wa mwili wake wa kutumia oksijeni ulizidi kwa asilimia 13. Marchand alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 109.

Lililo muhimu zaidi kuliko hesabu hizo ni namna alivyojizoeza. Katika miaka hiyo miwili alikwenda kiasi cha kilomita 5,000 kila mwaka, na katika kila sehemu tano za mwendo wake, nne zilikuwa za pole na moja tu ya nguvu. Yampasa mzee azingatie hayo, kwani wengi huharibikiwa kwa kutaka kushindana na ujana wao uliokwisha pita.

Safari yenye gari la msaada

Mpandaji anayekwenda peke yake hubeba hema, nguo, chombo cha kupikia na vyuma vya kutengenezea baiskeli. Huo ni mzigo wa kijana. Lakini iko safari ya namna nyingine, ambayo gari huchukua mizigo yote, na mpandaji hana ila chupa zake za maji.

Mfano mashuhuri ni Tour d'Afrique, iliyoanza mwaka 2003, kutoka Cairo hata Cape Town, kiasi cha kilomita 12,000 kwa muda wa miezi minne hivi. Kabla ya vita vilivyozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, njia yake ilipita Misri, Sudan na Ethiopia, ikashuka Kenya na Tanzania, kisha ikaendelea kusini. Malori hubeba chakula na mizigo, na wasafiri hulala katika mahema. Nayo imegawanywa vipande, hata asiyeweza yote huchukua kimoja. Lakini hesabu yataka akili: ukigawa kilomita hizo kwa siku 120, na ukaondoa siku za kupumzika, wapata zaidi ya kilomita 100 kila siku. Hiyo si safari ya kuanzia.

Si lazima mtu aende mbali hivyo. Kutoka Tanga hata Moshi ni kiasi cha kilomita 350, kwa njia ya Muheza, Korogwe, Mombo, Same na Mwanga, na milima ya Usambara na ya Upare mkono wa kulia. Kwa kilomita 50 kila siku ni siku saba. Ongeza mbili za kupumzika, ni tisa. Ila kuanzia Segera njia huungana na ile itokayo Dar es Salaam, nayo ina mabasi na malori mengi. Hapo wapandaji wafuatane mmoja mmoja, wavae nguo za rangi ya kuonekana, na wasiendeshe usiku.

Maandalizi

La kwanza ni daktari. Apimwe moyo, shinikizo la damu na sukari. Atumiaye insulini aulize kipimo chake cha siku za safari, kwani mazoezi hushusha sukari. Na yeyote ashikwaye na maumivu ya kifua, ashuke palepale, wala asiseme, "Yatapita."

La pili ni mazoezi ya miezi mitatu au minne. Aanze na mwendo mfupi siku tatu kwa juma, aongeze kidogo kidogo. Mwisho aende siku mbili au tatu mfululizo, kwani mwili wa mzee hukawia kuondoa uchovu, na safari humjaribu mtu siku ya pili.

La tatu ni baiskeli. Kiti kipandishwe hata pedeli iwapo chini goti libaki limekunjwa kidogo tu. Kiti cha chini sana huumiza magoti. Gia ziwe nyepesi kwa milima. Fundi aikague breki, mnyororo na spoku, na tyubu za akiba zisikosekane.

La nne ni maji. Kiu ya mzee huchelewa. Basi anywe kabla ya kuisikia, na siku za jua kali apate na chumvi kidogo, ila kama daktari amemkataza. Aondoke alfajiri baada ya sala, na ifikapo saa nne au tano awe kivulini.

Gari nalo lina sheria zake. Limngojee mpandaji kila baada ya kilomita 15 au 20, likiwa na maji, dawa na vyuma. Dereva asiwe mmoja wa wapandaji. Na sheria iliyo kubwa: aliyechoka na apande gari bila kuchekwa. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza hata sala yake. Vipi aone haya kupunguza kilomita?

Nyumbani kabla ya kuondoka

Fedha ya safari isitoke katika chakula cha nyumba wala ada za watoto. Madeni yalipwe au yaandikwe, na wasia uwekwe mahali panapojulikana. Hayo si mambo ya kujitabiria mauti. Yampasa kila mtu, hata yule asiyetoka barazani. Mke au mume aambiwe mapema, si siku ya kufunga mizigo.

Nanyi vijana, msiseme tu, "Baba, usiende." Mpelekeni kwa daktari, na mfuatane naye katika mazoezi. Daktari akikataza, mtakuwa na hoja ya kumwambia, naye hatakuwa na la kujibu. Akiruhusu, basi mmoja wenu ashike usukani wa lile gari. Huko ndiko kumtunza mzazi bila ya kumfunga.