MTAZAME MTOTO WAKO UMJUE

Mganga wa zahanati akikuuliza, "Mtoto anaendeleaje?" wewe hujibu nini? Wengi hujibu, "Hajambo." Jibu hilo ni fupi mno. Mganga hawezi kujua mtoto anacheza, analala au ananyonya namna gani.

Wataalamu wa tabia za watu hawaulizi maswali tu. Huenda majumbani, wakakaa na kutazama watu wakifanya kazi zao za kila siku. Wanayoyaona huyaandika. Kwa nini? Kwa sababu mtu anaweza kusema hunawa mikono kabla ya kula, kumbe hula bila kunawa.

Utafiti wa Uganda

Mwaka 1954 na 1955 mama mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alitazama watoto wachanga 28 na mama zao 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alifika kila nyumba baada ya wiki mbili hivi, pamoja na mkalimani, akakaa kama saa mbili. Alirudi kwa miezi mingi. Mtu akitazamwa na mgeni kwanza huona haya. Akimzoea huendelea kama kawaida.

Aliona kwamba mtoto anayetambaa humwacha mama, huenda kuchezea kitu, kisha hurudi kwake. Aliona pia kuwa watoto wengine walitulia, na wengine walilia sana hata wakiwa na mama. Kwa jumla, mama za watoto waliotulia waliweza kumweleza mambo mengi kuhusu watoto wao. Yaani waliwaangalia vizuri. Kusaidiwa na walezi wengine hakukuonekana kumdhuru mtoto. Habari hizi alizitoa katika kitabu mwaka 1967.

Wewe ufanye nini?

Hapa Kilimanjaro kazi ni nyingi. Kuna kukata majani ya ng'ombe, kuchuma kahawa na kwenda sokoni. Hata hivyo, kila siku tenga muda mfupi umtazame mtoto:

1. Je, ananyonya au anakula kama jana?
2. Je, anageukia sauti yako?
3. Je, anacheza, na akiogopa anakukimbilia?
4. Analia wakati gani, na hutulizwa na nini?

Ukimwacha kwa bibi, muulize bibi naye ameona nini. Kama unajua kuandika, andika na tarehe.

Mtoto akiacha kunyonya, akilegea au akiwa mgumu kuamka, usingoje. Mpeleke zahanati upesi, umweleze mganga uliyoyaona na siku yalipoanza. Maelezo yako yatamsaidia kumtibu.

Na mtafiti akija kutazama nyumbani kwako, muulize anatafuta nini na ataifanyia nini habari yako. Una haki ya kukubali au kukataa.

Maswali

1. Kwa nini Mary Ainsworth alirudi mara nyingi?
2. Leo umeona nini kwa mtoto wako?