Mwese kwa Vipande Tisa

Mvua ikinyesha kwenye nyanda za juu za Mwese, kaskazini-magharibi ya mji wa Mpanda, matone mawili yaliyoanguka hatua chache tu moja kutoka jingine yanaweza yasikutane tena. Litakaloteremkia magharibi litaishia Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ziwani maji yana njia ya Mto Lukuga, kisha Mto Kongo, hadi Bahari ya Atlantiki. Litakaloteremkia kusini-mashariki litaingia Mto Katuma, lipite Hifadhi ya Taifa ya Katavi, lielekee Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Mgongo unaoyatenganisha haya mawili hauonekani kwenye ramani bapa, ila labda kwa yule aliyezoea kusoma mistari ya kontua. Ukiijenga Mwese kwa maboksi juu ya meza, hata mtoto wa darasa la tatu atakuwekea kidole juu yake.

Ajabu ni kwamba walioufikisha mbali zaidi ufundi wa kujenga milima ya mezani si wanajiografia. Ni watu wazima wanaocheza. Katika michezo ya vita vidogo vya njozi, kila mchezaji huongoza kikundi cha sanamu chache zenye urefu wa milimita 28 hivi: mashujaa, wachawi, mazimwi. Silaha zake ni dadu na futikamba. Bao letu lina mashimo yaliyochongwa tayari na kete huenda kwa hesabu. Huku ardhi yenyewe ndiyo ubao. Kilima kinazuia mshale, mto unapunguza hatua, pango linaficha jeshi. Warhammer ulitoka Uingereza mwaka 1983, Frostgrave mwaka 2015, na kati yao ipo mingine chungu nzima. Kwa kuwa hakuna mwenye chumba cha kuhifadhi nchi nzima, wachezaji hujenga kwa vipande: miraba, mara nyingi ya sentimita 30 kwa 30, inayopangwa upya kila mchezo na kurudishwa kabatini.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1812, Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm III, meza ya mchezo wa vita yenye vigae vya ardhi vya kupangwa na kupanguliwa. Mwaka 1824 mwanawe aliachana na vigae, akatumia ramani za karatasi za skeli ya 1:8,000, na jeshi likaupokea mchezo kwa mikono miwili. Ni rahisi kuelewa kwa nini: karatasi inakunjika, inaingia mkobani. Lakini kwa maoni yangu baba ndiye aliyeshika jambo kubwa zaidi.

Chukua vipande tisa vya mraba, kila kimoja tofauti na kingine, uvipange tatu kwa tatu. Kila kipande kinaweza kukaa mahali popote na kugeuzwa kwa njia nne. Idadi ya mipangilio inazidi bilioni 95. Mchezaji anafurahi, maana hatacheza mahali pamoja mara mbili. Mtu anayetaka kuijenga Mwese hana furaha hiyo, kwa sababu katika bilioni hizo 95 ni mpangilio mmoja tu ambao maji yake yanakwenda yanakokwenda kweli. Geuza kipande kimoja tu na Katuma utapanda mlima.

Kabla ya kugusa kisu, lazima kuamua skeli, na hapa wachezaji wanadanganya kwa uhodari. Sanamu ya milimita 28 inamwakilisha mtu mzima, kwa hiyo skeli yake ni kama 1:60. Kwa kipimo hicho meza ya sentimita 90 kwa 90 ni eneo la mita 54 kwa 54, chini ya nusu ya uwanja wa mpira. Mti wa miombo wa mita 15 ungekuwa na sentimita 25, na kilima cha mita 300 kingehitaji mita tano, yaani kingetoboa dari. Wao hufupisha miti, hukata milima magotini na kuendelea na mchezo. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa mlima wa mezani una kazi moja tu: kumzuia adui asione.

Ukitaka mlima useme ukweli, nenda 1:10,000. Meza ile ile sasa inabeba kilomita 9 kwa 9, na kila kipande kilomita 3 kwa 3. Mtu atakuwa na unene wa unywele, kwa hiyo sahau sanamu. Ramani za topografia za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zinatosha kuanzia: kuza mara tano, na kila kipande chako kitatoka kwenye mraba wa sentimita sita tu wa ramani. Anayetumia kompyuta anaweza kupakua bure data za mwinuko zilizokusanywa kwa rada na chombo cha anga cha Endeavour mnamo Februari 2000. Awe macho na jambo moja. Penye msitu mnene rada ile haikufika chini vizuri. Ilirudishwa na majani na matawi. Bonde lenye miti mirefu huonekana limeinuka kuliko lilivyo, na katika milima ya Ntakata ya huku huku Mwese, ambako misitu hushikilia mabonde na vijito, kosa hilo linaangukia pale pale unapotaka usahihi.

Haya si mambo ya kuwaziwa tu. Mwezi Agosti 2006 Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya walikusanyika Nessuit, wilayani Nakuru, wakajenga nchi yao kwa njia hii. Shirika la ERMIS Africa ndilo lililoongoza kazi, kwa kushirikiana na kituo cha CTA, ambako Giacomo Rambaldi alikuwa ameieneza mbinu hiyo baada ya kuifanyia kazi Ufilipino. Kama watu 120, wanaume na wanawake wa koo 21, walishiriki. Mfano wao wa 1:10,000 ulibeba kilomita za mraba 576, maana yake karibu mita za mraba sita za mezani. Tabaka za karatasi ngumu zilifuata kontua. Rangi zilionyesha maeneo, nyuzi zilionyesha mito na njia, pini zilionyesha mahali penye jina. Na nchi waliyoijenga haikuwa ile ya mwaka 2006. Wazee walirejesha Mau ya miaka ya 1920, kabla sehemu kubwa ya msitu haijakatwa, kwa kile walichokumbuka na walichosimuliwa na wazazi wao. Ramani ya serikali isingeweza kufanya hivyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliwapa Waogiek ushindi dhidi ya serikali ya Kenya tarehe 26 Mei 2017. Sisemi kwamba ni karatasi na nyuzi zilizoshinda kesi. Ninachosema ni kwamba mzee asiyesoma kontua alisimama mbele ya mfano ule na kusahihisha wataalamu.

Turudi Mwese, kwenye kisu na gundi. Boksi la katoni la kawaida dukani Mpanda lina unene wa karibu milimita 4. Kwa skeli ya 1:10,000, milimita 4 ni mita 40. Ukikata tabaka moja kwa kila kontua ya mita 20, mlima wako utatoka mrefu mara mbili ya haki yake. Wachora ramani huita hilo kukuza wima, na si aibu: macho yetu yanapotazama mfano kutoka juu huona miinuko midogo kuliko ilivyo, na ukuzaji wa mara mbili huirudishia Mwese ule ukali anaoujua mpanda baiskeli. Ila andika pembeni kwamba umekuza. Mlima uliokuzwa kimyakimya ni uongo.

Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Chembe za wanga zikipashwa moto hadi nyuzi joto 60 au 70 hivi hunyonya maji, huvimba na kupasuka, na ule ute unaotoka ndio unaoshika. Tatizo linakuja baadaye. Nyuzinyuzi za karatasi hutanuka zikilowa na kusinyaa zikikauka, kwa hiyo boksi lililopakwa upande mmoja hujikunja kama samaki aliyeanikwa juani. Dawa yake ni kupaka pande zote mbili, kisha kulaza kipande chini ya matofali mpaka kikauke kabisa. Wajalidi wa vitabu huongeza shabu kidogo kwenye gundi ya namna hii ili isiote ukungu, na kwa nchi ya mvua ndefu ni ushauri wa kufuatwa. Panya ni suala jingine.

Juu ya ngazi za boksi unakandika. Udongo wa kichuguu unafaa sana, kwa kuwa mchwa wamekwisha kukuchagulia chembe laini, lakini udongo wa mfinyanzi mtupu hupasuka kwa kuwa unasinyaa maji yanapotoka. Fundi wa nyumba za tope anajua la kufanya: mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, ili ufa usipate njia iliyonyooka. Sponji ya godoro iliyonyambuliwa na kutiwa rangi huwa miti. Lile povu jeupe linalokuja na televisheni na majokofu pia linavutia, kwa kuwa ni jepesi na linakatika kirahisi, nalo karibu lote ni hewa. Usilipulizie rangi ya kopo. Viyeyusho vilivyomo huyeyusha plastiki yake na kilima chako kitanywea mbele ya macho yako. Petroli hufanya vivyo hivyo. Kulichoma ni kubaya zaidi, maana moshi wake unadhuru mapafu.

Yote hayo ni mepesi ukilinganisha na kingo. Wachezaji wamelimaliza tatizo la kingo kwa amri: kila ukingo uwe na kimo kimoja, na mto uingie katikati ya upande na kutokea katikati ya upande. Ndiyo sababu vipande vyao vinaungana kwa njia bilioni 95, na ndiyo sababu nchi zao zote hufanana: vilima katikati, tambarare pembezoni. Mwese haiwezi kutii amri hiyo. Vipande tisa vina maungio 12 ya ndani na pembe nne ambapo vipande vinne hukutana, na kila mahali hapo kimo lazima kikubaliane. Kujenga mlima mzima halafu kuukata kwa msumeno hakusaidii; msumeno wa milimita moja unameza mita 10 za ardhi. Njia iliyo bora ni kuchora umbo la ukingo mara moja tu, kulikata kwenye karatasi ngumu kama kigezo, na kukitumia kigezo hicho hicho kwa vipande vyote viwili vinavyopakana. Vigezo 12, kila kimoja na namba yake, kabla ya kulaza tabaka la kwanza.

Wanaopanga matumizi ya ardhi ya vijiji wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinakipa kila kijiji nafasi ya kuchora lake: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu wa hifadhi. Mwese ni miongoni mwa vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vilivyomo katika mradi wa hewa ukaa wa milima ya Ntakata unaosimamiwa na Carbon Tanzania, ambapo msitu uliotunzwa huleta fedha za shule na zahanati. Lakini kila mpango ni kipande. Msitu wa kijiji kimoja ukikomea kwenye shamba la mahindi la jirani, sokwemtu anayefuata bonde hufika kwenye ukingo usioungana. Mfano wa mezani unaonyesha hilo papo hapo. Majedwali ya mpango yatakuacha ulitafute.

Kigezo cha ukingo kina faida nyingine ambayo Nessuit hawakuihitaji. Kipande chenye kingo zile zile nne kinaweza kujengwa mara mbili, na ndani kikawa na miaka tofauti. Katika miaka ya 1960 Mwese ilifunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi kutoka Rwanda, katika nchi ambayo Watongwe na Wabende walikuwa wakiijua kwa majina ya vilima na vijito. Jenga kipande cha kabla ya makazi, na kingine cha leo chenye mashamba na barabara. Chomoa hiki, chomeka kile, na vipande vinane vya jirani visiguswe. Wanafunzi wa jiografia wa sekondari wanaweza kukata maboksi. Wapi palikuwa msitu na wapi palikuwa njia ya ng'ombe, hilo watalazimika kuwauliza bibi na babu zao, na watapata majibu yanayogongana. Hapo pini za rangi mbili zinatosha.

Mfano ukikauka wote, upake varnishi tabaka mbili, ubane vipande tisa kwa kamba, umwagie kikombe cha maji juu ya mgongo wa kati. Maji yakituama mahali, umekosea kontua hapo, au rada iliona miti ikadhani ni ardhi. Weka alama kwa chaki, subiri pakauke, kisha ongeza au punguza udongo kidogo kidogo mpaka nusu ya kikombe idondoke upande wa Tanganyika na nusu upande wa Katuma.