Chapa ya Baridi: Kazi kwa Mwenye Mtungi wa Naitrojeni

Mkulima wa Trans Nzoia au Bungoma akiibiwa ng'ombe usiku, swali gumu humngoja sokoni: akimwona mnyama wake mkononi mwa mtu mwingine, atathibitisha vipi kuwa ni wake? Hereni ya sikio hukatwa kwa kisu mara moja. Rangi haitoshi, kwa maana Friesian mweusi mwenye baka jeupe usoni yuko kila upande wa Kitale. Chapa ya moto hudumu, lakini huunguza ngozi, na ngozi yenye kovu hushuka bei.

Iko njia nyingine, nayo yaweza kuwa kazi ya kumpatia fedha kijana mwangalifu. Ni chapa ya baridi. Ilibuniwa Marekani mwaka wa 1966 na daktari wa mifugo R. Keith Farrell, katika Chuo Kikuu cha Washington State, mjini Pullman. Muhuri wa shaba hautiwi motoni, bali hutumbukizwa katika naitrojeni ya majimaji, ambayo ubaridi wake ni digrii 196 chini ya sufuri. Ukishikizwa juu ya ngozi, baridi ile huua chembe zinazotia unywele rangi, lakini shina la unywele hubaki hai. Basi nywele zikiota tena huwa nyeupe, na namba husomeka kutoka upande wa pili wa boma. Mnyama huumia kidogo kuliko kwa chapa ya moto, ila usimwambie mwenye ng'ombe kuwa haumii kabisa.

Naitrojeni si kitu kigeni kwetu. Ndiyo inayohifadhi mbegu za madume kwa kazi ya A.I., zikiwamo zile zinazosambazwa na kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka wa 1946 na ambacho leo huitwa KAGRC. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumwendea ni yule mtaalamu wa A.I. wa mtaa wako. Anajua inakonunuliwa, na pengine gari linalomletea yeye litakuletea na wewe. Lakini usitie mihuri yako katika mtungi wake wa mbegu! Shaba yenye joto huchemsha naitrojeni yote na mbegu zikaharibika. Tumia sanduku nene lile jeupe jepesi la kubebea chanjo, na umimine kiasi cha kufunika vichwa vya mihuri.

Hapa ndipo wengi watakapopotezea mtaji. Naitrojeni huyeyuka hewani ukiitumia au usipoitumia, na sehemu kubwa huliwa na ile mihuri inapopozwa mara ya kwanza, kabla hujamgusa ng'ombe hata mmoja. Chukua mfano: naitrojeni, spiriti, nauli na ujira wa wasaidizi wawili vikikugharimu Sh. 6,000 kwa siku, nawe ukapiga ng'ombe 6, kila mmoja amekula Sh. 1,000. Ukipiga 40, kila mmoja amekula Sh. 150 tu. Katika mashamba makubwa ya Kitale ng'ombe 40 huwa ndani ya ua mmoja. Bungoma sivyo: mtu ana wawili, jirani yake ana watatu. Usizunguke boma kwa boma kutoka Kimilili hadi Chwele na sanduku linalofuka moshi. Panga na chama cha maziwa au kamati ya josho siku moja, mahali pamoja penye krashi imara, kila mtu alete wake, na achukue zamu aliyoandikiwa. Kwanza muulize afisa wa mifugo kama hakuna karantini, kwa maana ugonjwa wa miguu na midomo hupenda sana mikusanyiko ya namna hiyo.

Miezi ya Desemba hadi Februari yafaa zaidi. Mahindi yamekwisha vunwa, watu wana fedha kidogo, barabara zapitika, na nywele za ng'ombe ni kavu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ng'ombe ashikwe asiweze kusogea, kwa kuwa muhuri ukiteleza hakuna wa kuurudisha. Nyoa nywele za paja au nyonga hadi karibu na ngozi, sugua uchafu, kisha lowesha kwa spiriti kali. Maji hayafai, yataganda yawe kama blanketi kati ya shaba na ngozi. Muhuri uko tayari naitrojeni inapoacha kutokota kwa fujo. Ukandamize kwa nguvu na kwa usawa, huku msaidizi akihesabu sekunde kwa saa. Naitrojeni hudai chini ya nusu dakika. Barafu kavu iliyochanganywa na spiriti, kwa asiyepata naitrojeni, hudai muda mrefu zaidi. Ndama huhitaji sekunde chache kuliko ng'ombe mzima, na mwenye ngozi nyembamba chache kuliko mwenye ngozi nene. Penye nywele nyeupe unywele mweupe hautaonekana, basi shikiza zaidi hadi shina lenyewe life, ili alama iwe upara. Kwa Friesian, chagua baka jeusi ujirahisishie.

Mihuri ya tarakimu yatosha 9, maana 6 ikipinduliwa ni 9. Sentimita 10 zafaa kwa ng'ombe mzima, na nusu yake kwa ndama, kwa sababu namba hukua pamoja naye.

Ukiondoa muhuri utaona namba imebonyea na kuganda. Baada ya dakika chache huvimba. Wiki kadhaa baadaye ngozi ya juu hukauka na kubambuka, na mwenye ng'ombe akapata wasiwasi. Nywele nyeupe huja kwenye mwezi wa pili au wa tatu. Mwambie haya yote kabla ya kupokea fedha yake, maana unamwuzia kitu ambacho siku ile hakionekani. Kwa maoni yetu, ni heri upokee nusu siku ya kazi na nusu namba itakaposomeka. Weka daftari: tarehe, aina ya ng'ombe, umri, rangi, sekunde ulizoshikiza. Urudi baada ya miezi mitatu ukatazame. Kwa daftari hilo utajua sekunde zinazofaa ng'ombe wa kwenu kuliko kitabu chochote cha ng'ambo. Ng'ombe wa kwanza wawe wako mwenyewe.

Jilinde pia. Vaa glavu za ngozi zisizobana, miwani na viatu vilivyofunikwa, wala usivue kilichomwagikiwa kwa mkono mtupu. Usiuzibe mtungi kwa kizibo kinachokaza, utapasuka. Usiusafirishe ndani ya gari lililofungwa madirisha, maana naitrojeni hufukuza hewa, na mtu huzirai bila kusikia harufu yoyote. Spiriti nayo huwaka upesi. Asivute mtu sigara karibu na krashi.

Mwisho kuna sheria. Namba peke yake yasaidia kuandika maziwa na uzazi, lakini haisemi ng'ombe ni wa nani. Kenya ina Sheria ya Kupiga Mifugo Chapa, Sura ya 357, inayohusu uandikishaji wa alama. Mteja anayetaka kinga dhidi ya wezi aende kwanza ofisi ya mifugo ya kaunti aulize juu ya kuandikisha alama yake. Nawe usimpigie mtu alama asiyoweza kukuonyesha karatasi yake, wala ng'ombe aliyeletwa jioni na mtu ambaye hakuna jirani anayemjua. Daftari lako laweza kuitwa mahakamani siku moja, basi andika na jina la aliyemleta kila mnyama.