Mpunga Uliojenga Dola ya Hanoi

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Vietnam, dola ya kikomunisti iliyokuwa na makao yake Hanoi, ilizaliwa 1945 na ikafikia kikomo rasmi tarehe 2 Julai 1976, kaskazini na kusini zilipounganishwa chini ya jina jipya. Habari zake husimuliwa zaidi kwa mizinga, ndege za B-52 na mashauri ya wakubwa wa Moscow, Beijing na Washington. Masimulizi hayo yanampita mkulima wa mpunga, na bila yeye dola ile haieleweki. Ilipata nguvu kwa kumpa chakula na ardhi, na ikaanza kuzipoteza nguvu hizo ilipoichukua tena ardhi hiyo kwa jina la ushirika.

Chanzo cha nguvu hizo ni njaa ya 1944 na 1945. Njaa ilipoanza Wafaransa walikuwa bado wanatawala, lakini kwa ridhaa ya jeshi la Japani, na wote waliutaka mpunga wa bonde la Mto Mwekundu. Wakulima walilazimishwa kuuza sehemu ya mavuno kwa bei ya serikali, na mashamba mengine yakageuzwa ya juti na mbarika kwa mahitaji ya vita. Mafuriko yakaharibu mazao. Mabomu ya Washirika yakakata njia za kuletea mchele kutoka kusini. Makadirio ya waliokufa yanaanzia laki kadhaa na kufika milioni 2. Hata ukichukua lile dogo kabisa, ni vijiji vizima vilivyozikwa huku maghala ya watawala yana nafaka. Viet Minh, harakati iliyoongozwa na wakomunisti, iliwahimiza watu wayavunje maghala hayo, nao wakayavunja. Kwa hiyo Ho Chi Minh, kiongozi wa Viet Minh, aliposimama uwanja wa Ba Dinh tarehe 2 Septemba 1945 kutangaza uhuru, wakulima wengi wa kaskazini walikuwa wamekwisha kumjua kwa mchele kabla ya kumjua kwa hotuba.

Wapo wanaopinga wakisema dola hiyo ilisimama kwa silaha za China na Umoja wa Kisovieti tu. Tarehe zinawakatalia. China iliitambua Januari 1950, na Umoja wa Kisovieti ukafuata mwezi huohuo. Kwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya hapo ilipigana vita kamili na Ufaransa bila kutambuliwa kuwa dola huru na nchi yoyote. Ni kweli kwamba misaada ya China ilihitajika ili ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu ianguke tarehe 7 Mei 1954. Ila chakula cha askari kule milimani kilibebwa na wakulima zaidi ya laki mbili. Wengi walisukuma baiskeli zilizofungwa mti kwenye usukani na mwanzi nyuma ya kiti, kila moja ikiwa na shehena inayoweza kupita kilo 200, katika njia za matope na chini ya ndege za adui. Tena sheria ya kugawa ardhi ilipitishwa Desemba 1953, wakati mapambano hayo yakiandaliwa. Askari aliyetoka familia isiyo na shamba alijua anapigania nini.

Hata hivyo ugawaji huo ulichafuliwa na damu, na anayeisifu dola ile hana haki ya kuliruka jambo hili. Makada wa chama cha kikomunisti walitumwa vijijini na kutakiwa kuwafichua makabaila, hata pale ambapo mwenye mali alimzidi jirani yake kidogo tu. Nguyen Thi Nam alikuwa ameichangia serikali mpya dhahabu, na wanawe walikuwa katika jeshi la Viet Minh. Aliuawa kwa risasi 1953, miongoni mwa wa kwanza kabisa. Maelfu walifuata hadi 1956. Mwaka huo Ho Chi Minh alikiri makosa, Vo Nguyen Giap, kamanda wa jeshi, akayataja hadharani, na Truong Chinh akaacha ukatibu mkuu wa chama. Mwezi Novemba wanavijiji wa Quynh Luu, katika mkoa wa Nghe An, waliinuka na kuzimwa na jeshi. Je, basi hofu ndiyo iliyoishika dola? Hofu ilikuwepo, na mamia ya maelfu walikuwa wamekimbilia kusini baada ya mkataba wa Geneva wa 1954 kuigawa nchi. Lakini serikali inayotegemea hofu peke yake haina sababu ya kusimama mbele ya wakulima na kukiri kosa. Viongozi wa Hanoi walijua wakimpoteza mkulima wamepoteza kila kitu.

Ndiyo maana hatua iliyofuata inashangaza. Kufikia mwisho wa 1960 kaya nyingi sana za kaskazini zilikuwa zimeingizwa katika vyama vya ushirika. Kengele ya kijiji ililia, watu wakaenda shambani kwa makundi, wakaandikiwa alama za kazi. Aliyepanda kwa uangalifu na aliyepanda ovyo waliweza kuandikiwa alama zilezile. Watu wakapeleka bidii yao kwenye vishamba vya nyumbani, ambavyo kwa kawaida havikuzidi asilimia 5 ya ardhi ya ushirika. Kim Ngoc, katibu wa chama wa mkoa wa Vinh Phuc, aliliona hilo, na kuanzia 1966 akaruhusu familia zipewe eneo la kulima kwa mkataba: zitoe kiasi kilichokubaliwa, ziada iwe yao. Mwaka 1968 Truong Chinh, ambaye bado alikuwa na sauti kubwa katika chama, aliukemea mpango huo na ukasimamishwa.

Watetezi wa ushirika husema vita na Marekani na serikali ya kusini viliulazimisha, na hoja yao ina uzito. Vijana walipokwenda kupigana kusini, ushirika ndio uliohakikisha wazazi na watoto wao wanapata mgao wa chakula hata kama nyumba haina wa kushika jembe. Pengine bila mgao huo jeshi lisingeshikamana hadi Saigon, mji mkuu wa kusini, ilipoanguka tarehe 30 Aprili 1975. Mimi naikubali hoja hiyo kwa miaka ya mabomu. Haielezi kwa nini mfumo uleule ulipelekwa kusini baada ya vita, wala kwa nini nchi yenye mabonde mawili makubwa ya mpunga iliagiza nafaka kutoka nje amani ilipokwisha kupatikana. Na haielezi yaliyofuata mkulima aliporudishiwa nafasi yake: agizo la chama la 1981 liliruhusu mikataba ya aina ile ya Vinh Phuc, azimio la 1988 likaifanya kaya kuwa msingi wa kilimo, na mwaka 1989 Vietnam iliuza nje mchele zaidi ya tani milioni 1. Kim Ngoc alikuwa amekufa miaka 10 kabla.