Viatu vya Magurudumu Vibaki Soy

Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka na mahindi yakianza kuleta fedha, kuna familia za Soy na viunga vya Eldoret ambazo hupanga safari ya Pwani: basi hadi Nairobi, treni ya Madaraka Express hadi Mombasa, kisha feri ya Likoni kuelekea Diani. Wengine hufika hata Dar es Salaam wakapanda boti ya Unguja. Mtoto mwenye viatu vyenye gurudumu kisiginoni atataka kuvivaa njia nzima. Rai yangu ni kwamba avae raba za kawaida, na viatu hivyo avikute nyumbani akirudi. Sisemi hivyo kwa sababu watoto ni watundu. Hata mtoto mtulivu kabisa atayumba, kwa kuwa kiatu hiki kinategemea sakafu iliyotulia, na chomboni sakafu haitulii.

Tazama kinavyofanya kazi. Gurudumu limepachikwa ndani ya kisigino. Ili kuteleza, mtoto huinua vidole, akaegemea nyuma na kuuweka uzito wote kwenye visigino. Akitaka kusimama, huinua vidole zaidi ili nyuma ya kisigino ikwaruze chini. Breki yake ni hiyo. Uzito ukiwa umelalia nyuma kiasi hicho, msukosuko mdogo unatosha kumwangusha, naye hujikinga kwa viganja. Ndiyo maana mikono huumia zaidi. Katika hospitali ya watoto ya Temple Street, Dublin, madaktari waliandika habari za watoto 67 walioumizwa na viatu vya aina hii ndani ya wiki 10 za kiangazi cha 2006, wengi wakiwa wameumia mikono. Mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na ncha zake, ambako ndiko unakorefukia. Ukivunjika hapo, mkono unaweza kukua umepinda. Na watoto hao walikuwa nchi kavu.

Chomboni yanaongezeka mengine. Sitaha ya chuma iliyopakwa rangi na kulowa maji ya chumvi huteleza hata kwa asiye na magurudumu. Milango ya meli ina vizingiti virefu vya kuzuia maji, na ngazi zake zimesimama wima kuliko za nyumbani. Likoni, abiria wa miguu hushuka mteremko hadi ukingoni mwa maji, wamebanana, mikokoteni ikiwa katikati yao. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi kinyumenyume kwenye feri ya MV Harambee likatumbukia katikati ya mkondo, na mama na bintiye wakafa maji. Mtoto si gari, lakini msiba ule ulionyesha kuwa pale chochote chenye magurudumu kinahitaji kuzuiwa kwa uhakika. Kampuni za meli kubwa za kitalii zimeliona hilo. Royal Caribbean, kwa mfano, hairuhusu abiria kutumia viatu hivi melini.

Mzazi atasema mwanawe ni hodari, hajaanguka miezi mingi. Namwamini. Ila uhodari huo mwili wake umeujifunza juu ya saruji isiyosogea. Wimbi likiinua upande mmoja wa boti, sakafu tambarare inageuka mteremko kabla miguu haijajua, na breki ya kisigino haishiki chuma kilicholowa. Isitoshe, atakayegongwa huenda akawa nyanya mwenye fimbo au mama aliyebeba mtoto.

Hoja nyingine ina uzito zaidi: magurudumu hutolewa, kiatu kikabaki cha kawaida. Ni kweli, na kama hakuna jozi nyingine, basi na iwe hivyo, mradi magurudumu yakae kwenye begi la mzazi, maana yakikaa mfukoni mwa mtoto yatarudi kisiginoni kabla treni haijafika Mtito Andei.

Mchezo wenyewe ni mzuri, unajenga miguu na mizani ya mwili, na mtoto wa Soy anastahili kuucheza. Uwanja wa saruji wa shule au kanisa, kwa ruhusa, akiwa na kofia ngumu na vikinga vya viwiko na viganja, unamtosha. Barabara ya Eldoret kwenda Kitale, yenye malori yake, haimfai hata kidogo.