Udongo wa Kano chini ya Land Rover

Land Rover ya zamani ikipandishwa juu ya stendi kwenye gereji za jua kali za Kibuye, Kisumu, mtu akiinama kuchungulia chini hakioni chuma. Anaona ganda. Vumbi jekundu la Maseno limelalia tope jeusi la nyanda za Kano, na vyote vimeshikamanishwa na oili iliyodondoka kutoka kwenye giaboksi miaka nenda miaka rudi.

Kuliondoa ganda hilo, wengi hukimbilia maji, na Kisumu ina maji tele. Kwa miaka mingi matatu na malori yameingizwa katika Ziwa Victoria hadi magurudumu yazame, vijana wakiyasugua huku wamesimama majini. Kwa chasisi ya gari la kale sioni njia mbaya kuliko hiyo.

Kuanzia ile ya kwanza iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Land Rover hizo za kale zina bodi ya alumini, lakini chasisi ni ya chuma: mihimili miwili mirefu iliyo wazi ndani kama bomba la pembe nne. Alumini haiozi kwa kutu, hivyo rangi inayong'aa humdanganya mwenye gari ilhali mihimili inaliwa kutoka ndani. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya Mombasa. Adui wetu ni huo udongo mweusi, ambao hunywa maji, ukavimba na kuyashikilia muda mrefu baada ya barabara kukauka. Ukipiga mashine ya maji ya presha kabla ya kuukwangua, unausukuma ndani ya mihimili kupitia matundu yaleyale yaliyowekwa ili maji yatoke.

Kwa hiyo kazi ianze gari likiwa kavu. Gari likae juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki pekee. Ganda likwanguliwe kwa kipande cha bati na brashi ya waya, fundi akiwa amevaa miwani na kufunika pua, na vipande viangukie kwenye turubai. Hapo ndipo gari husema mambo yake: palipo na oili mbichi pana sili iliyochoka, na palipo na tope kavu lililoinuka kama gamba, kutu iko chini yake. Kigonge chuma kwa nyundo ndogo. Kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Grisi iliyobaki hulainishwa kwa mafuta ya taa na brashi, karai likikinga chini, lakini breki zifunikwe vizuri. Petroli isitumike hata kidogo, kwa sababu mvuke wake hulipuka kwa cheche moja. Vumbi la mbao, ambalo maseremala hulitupa kwa magunia, hunyonya kilichomwagika. Kisha matundu ya mihimili yazibuliwe kwa waya, na sabuni na maji kidogo ndiyo yafuate.

Mafuta yaliyobaki kwenye karai hayafai kuingia ziwani, na si ziwa peke yake linaloumia. Waosha magari wa ufuoni Kisumu walichunguzwa kwa miaka na watafiti, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, kwa sababu kazi yao iliwaambukiza kichocho mara kwa mara: vijidudu vinavyotolewa na konokono wa majini hupenya ngozi ya aliyesimama humo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 katika jarida la Lancet. Vijana hao wanastahili sehemu kavu ya kufanyia kazi, yenye sakafu ya saruji na shimo la kunasa oili, wala hawastahili kufukuzwa tu.

Chuma kikishakuwa safi, tafuta namba ya chasisi, ambayo kwa nyingi huwa upande wa kulia mbele, karibu na kishikio cha springi, uilinganishe na ya logibuku. Usiisugue kwa grainda. Acha mihimili ikauke kabisa, paka red oxide ya kuzuia kutu kisha rangi, na uyaache matundu wazi. Mvua ndefu za Machi zikikaribia, yapitishie waya tena.